Walitunyima Mto

Dada yangu Nyambura,

Nimekasirika, na leo sitaki mtu aniambie nitulie.

Unakumbuka nyumba yetu juu ya mto Chania, kabla wakoloni hawajatangaza Hali ya Hatari? Tukishuka kuteka maji ulinikalisha kwenye jiwe na kuniuliza, "Leo maji yanasema nini?" Nikijibu kwamba yanapiga kelele tu, ulicheka. "Sikiliza vizuri, Wangari. Pale kwenye mawe yanagombana. Hapa chini yameelewana." Ndivyo nilivyojifunza kuandika, kabla sijashika kalamu. Nawe, nyimbo ulizotunga ukifua nguo ziliimbwa na wanawake mashambani kote.

Kisha askari wakaja, wakachoma nyumba na kutusukuma hadi kijiji kipya kilichozungushiwa handaki. Vumbi na mapaa ya nyumba tu, hakuna hata kichaka. Mtoni tulipelekwa kwa foleni, bunduki nyuma yetu. Siku moja ulimwomba askari akuache ukae kidogo ukingoni.

"Unamngoja nani huko?" akauliza.

"Nangoja wimbo."

Akakuzaba kofi mbele ya watu wote. Eti unawapelekea chakula wapiganaji wa msituni!

Hukutunga tena. Ulikaa ukitazama ukuta wa udongo, ukakataa uji, na homa ilipokuja ilikukuta umeshakwisha. Walisema umeuawa na homa. Uongo! Waliokuua ni wale waliokunyima mto.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Ruiru. Nilipompelekea mhariri mmoja habari zako, alinirudishia. "Bibi, andika juu ya maua na ndege. Watu wamechoka na matanga." Maua! Kana kwamba sisi hatukunyang'anywa hayo maua. Nilirudi chumbani, na kwa miezi sikuandika neno. Kichwa kiliuma, chakula hakikupita.

Jumamosi iliyopita nilishuka kwenye mto wa hapa, nikavua viatu, nikatia miguu majini. Nililia kwa hasira mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakaacha nguo zao.

"Mwalimu, kuna nini?"

Nikawasimulia yote, hata lile kofi. Mmoja wao akasema, "Ngai, Mungu wangu! Hata dada yangu alizikwa kwenye kijiji kama hicho. Andika."

Niliandika palepale, matope hadi magotini, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikasikia njaa. Mhariri akikataa tena, nitawasomea wale wanawake. Jina lako limo, Nyambura, kwa herufi kubwa.

Pumzika wewe. Mimi sijasamehe.

Mdogo wako,
Wangari