Rimoti ya Mgongo Wako

Kitomanga, Ijumaa, baada ya arobaini yako

Mama,

Shikamoo. Nimeanza nayo kwa sababu sijawahi kukusemesha bila kuitanguliza, ingawa marahaba yako siisikii tena.

Arobaini tumeisoma. Walikuja hadi watu wa Likawage, wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Mikorosho ya bondeni imeanza kutoa maua na bado sijaipulizia dawa. Mkanda wako wa kuchajia betri ya mgongo unaning'inia kwenye msumari kando ya kitanda. Kila asubuhi mkono wangu unataka kuuchukua nikufunge kiunoni, kisha nakumbuka.

Nataka kusema nawe habari ya rimoti. Unaijua, ila hatukuifikisha mwisho.

Kabla ya India, mgongo ulikuwa umekukunja tangu ile operesheni ya kwanza isiyofaulu, na akili nayo ilikuwa inakwenda. Uliniita Asha, jina la mdogo wako aliyekufa zamani. Nikisema, "Mama, mimi Zuhura," ulinitazama kwa adabu, kana kwamba mimi ni mgeni aliyepotea nyumba. Ndipo kaka Hamisi akatuma nauli kutoka Maskati. Huko India madaktari wakakuwekea nyaya nyembamba kwenye uti wa mgongo, na betri ndogo chini ya ngozi, juu ya nyonga. Daktari alinieleza kwamba umeme huo mdogo ni wa kutuliza maumivu. Nikamuuliza, na kichwa je? Akasema kwa baadhi ya wagonjwa umeonekana kuongeza damu inayokwenda kwenye ubongo, lakini jambo hilo bado linachunguzwa, nisikuahidi kitu. Sikukuahidi. Nilijiahidi mwenyewe.

Na kweli, tulikuwa hatujakaa sana tangu turudi, ulikuwa uani unamenya ming'oko, vile viazi vya porini, ukainua kichwa ukasema, "Zuhura, nani kafyeka shamba hovyo namna hii?" Nilikwenda kulia jikoni. Labda ilikuwa damu. Labda ni kwamba sasa ulikuwa unalala bila maumivu. Sijui hadi leo. Nilichojua mimi ni kwamba mashine imewaka na mama yangu amerudi.

Kisha Hamisi akafa huko huko Maskati, ajali ya gari, akazikwa huko huko. Na wewe ulikuwa na akili zako zote.

Siku moja ukanishika mkono. "Zuhura, teremsha huo umeme. Mgongo ukiuma nitaulilia mgongo. Sasa hivi namlilia Hamisi tu. Nirudishe kule nilikokuwa."

Nikakujibu kwamba daktari amekataza.

Hakukataza, mama. Alisema rimoti ni ya mgonjwa, apandishe na ateremshe kadiri anavyojisikia. Macho yako hayakuona vitufe, ndiyo maana nilikaa nayo mimi. Uliniomba tena. Uliniomba na mara ya tatu, kisha ukaacha. Nami kwenye shajara yangu nikaandika kama kawaida: mama ameamka salama.

Nilijiambia kwamba siwezi kukurudisha kwenye maumivu. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa kuitwa Asha tena.

Hata hivyo silo linaloniamsha usingizini. Pengine mtoto mwingine naye angekataa. Ila baada ya kukukatalia, sikukaa nawe. Nilitaka akili zako bila kilio chako. Niliitoa picha ya Hamisi ukutani, nikaifunika kwa kanga sandukuni. Kila ulipoanza, "Hamisi alikuwa...," nilikukatiza. "Mama, tumshukuru Mungu. Kunywa uji." Ukanywa uji. Nilikufungia mlango wa kutokea, halafu nikakuacha humo ndani peke yako.

Ukafa usingizini, umelalia ubavu, bila kuniita jina lolote.

Siku ya kukuosha, mtani wetu Bi Somoe ndiye aliyeshika kata. Unamjua, msiba haumfungi mdomo. Mkono wake ukapita juu ya nyonga, ukasimama. "Ala! Bibi huyu kaficha simu!" Akina mama wakabana vicheko. "Imezimwa hii, au anakwenda nayo inawaka? Malaika watamuuliza matatu, yeye atawajibu kumi, na ya kwenu nyote yamo!" Tukacheka waziwazi, hata mimi. Kisha akanigeukia, bado anacheka. "Mzimie mwenzio, we mtoto. Hata redio huzimwa, watu wakalala."

Kicheko changu kikakatika. Sikuwa nimeizima.

Nilitoka na mikono inayodondosha maji, nikaileta rimoti, nikaisogeza kwenye nyonga yako, nikabonyeza hadi taa yake ikafa. Ulichoniomba mara tatu ukiwa hai nilikufanyia juu ya kitanda cha kuoshea, na kwa kukumbushwa na mtani. Bi Somoe aliona uso wangu. Alinipa kata, nikakumwagia maji mimi.

Mama, picha ya Hamisi nimeirudisha ukutani. Jana jioni nilitandika mkeka wako chini yake, nikakaa unapokaa wewe, nikaanza kwa sauti pale ulipokuwa ukianza. "Hamisi alikuwa..." Nikaishia hapo. Sijui yanayofuata. Sikukuacha hata siku moja ufike.

Kwa hiyo kesho naanza kwa Bi Somoe, aliyembeba Hamisi mgongoni utotoni. Nitakwenda na Likawage kwa wajomba. Nitawauliza wote, na watakaolia nitakaa nao hadi wamalize, sitampa mtu uji. Na watakayonipa nitayasema hapa mkekani, neno kwa neno, mpaka sentensi yako ifike mwisho.

Lala sasa. Kumkumbuka Hamisi ni zamu yangu.

Mwanao,
Zuhura