Jina la Babu Robespierre

Turffontein, Johannesburg
8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Jocelyne,

Tangu nijifungue nimekuwa nikisikia viatu vya Babu. Unakumbuka vile vibati vya chuma alivyovipigilia kwenye visigino? Ko, ko, ko kwenye saruji ya baraza, na nyumba nzima kule Uvira inanyamaza kabla hajafika mlangoni.

U hali gani, Shangazi? Mguu umepata nafuu? Na ziwa limerudi nyuma, au maji bado yanaingia viwanjani kwa majirani? Sisi tu wazima. Baridi imeanza, lakini mtoto ana wiki tatu na ananyonya vizuri. Parfait wangu bado ni mlinzi kwenye duka moja kule Kensington. Baba anashona. Macho yake yamepungua nguvu, ila mkono haujakosea.

Nilipata ujumbe wako. Wakwe zangu walikuachia wewe, mkubwa wetu, heshima ya kutoa jina, nawe ukasema mtoto aitwe Robespierre. Nililia kwa furaha. Nilimwona tena Babu akimrudisha yule mbuzi wa mzazi aliyetaka mwanawe apewe nafasi shuleni, akimvuta mwenyewe kwa kamba katikati ya soko, na watu wakishangilia, "Robespierre! Hahongeki!" Walimu wenzake walimbandika jina hilo wakitania, likamganda mpaka kaburini.

Nikalipeleka kwa fahari ofisini kwetu Marshalltown, kwa wale mawakili ninaowafanyia kazi, nilipokwenda kuwaonyesha mtoto. Mwanasheria mmoja mzee akacheka. "Eish, Robespierre! Basi tuchunge shingo zetu." Sikuelewa. Niliporudi nyumbani nikasoma.

Shangazi, sisi tulifundishwa upande mmoja tu, ule wa mtu asiyehongeka. Wanaozungumza Kiingereza wanakumbuka mwingine: kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa ambaye wakati wake watu wengi walikatwa vichwa, naye akakatwa chake mwaka 1794. Wakimwita mtu Robespierre, mara nyingi hawamsifu. Wanamaanisha mtu anayependa haki kuliko anavyopenda watu.

Nilikasirika. Nikasema hawakumjua Babu wetu. Kisha nikakumbuka hadithi unayotusimulia kila sikukuu, jinsi Babu alivyomfukuza Baba shule mbele ya mistari yote ya wanafunzi kwa sababu ya majibu mawili aliyonakili kwenye mtihani. "Hata damu yake hakuihurumia!" unasema, na sote tunapiga makofi. Nami nilipiga. Sikuwahi kujiuliza kwa nini Baba huinuka wakati huo kwenda kuchota maji.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Hakurudi darasani tena.

Nilimuuliza kuhusu jina. Akasema, "Mpe tu, mwanangu. Ni la baba yangu." Akaendelea kushona. Nikatazama: sindano haikuwa na uzi.

Usidhani nimeacha kumpenda Babu. Ni yeye aliyenifundisha kusoma, kidole chake kikubwa chini ya kila neno, asikubali niruke hata moja. Natamani kuketi tena pale barazani nikila mikeke, wale samaki wa ziwani, wa kuchoma, nikimsubiri atoke shuleni. Natamani pia kumuuliza kama usiku ule, baada ya kumfukuza mwanawe, alilala.

Nisalimie Mjomba Jacques na watoto wa Denise. Mwambie Placide viatu alivyotuma vilifika, ila mtoto atavivaa mwakani. Mungu akulinde katika nyumba hiyo, na akupe moyo mpana wa kunisoma mpaka hapa.

Shangazi, Ijumaa tulikwenda kumwandikisha mtoto. Anaitwa Firmin Kashindi. Kashindi ni lile ambalo Babu alipewa na mama yake kabla ya shule, na Firmin ni la Baba. Hatukukusubiri. Baba ndiye aliyembeba foleni nzima, na ofisa alipolisoma jina kwa sauti, aliitika yeye.

Mwanao anayekupenda, hata ukinikasirikia,
Chloé