Lango Katika Njia ya Wakfu

Gazi, Msambweni,
Jumatatu, 8 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Hashim,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakufikia huko Maskati ukiwa mzima, wewe na aila yako. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi huku hatujambo, walhamdulillahi, ingawa moyo wangu haujatulia, na sababu yake sina budi kukwambia wewe kwanza.

Wakumbuka tulivyouweka wakfu ule ukingo wa shamba la marehemu baba, baada ya lori kumvunja mguu mwanafunzi wangu Yusra kwenye barabara kuu. Tulikusudia iwe njia ya baiskeli, watu wafike Msambweni salama. Nilitamka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Majirani wakaniamini, wakatoa na wao sehemu zao, njia ikaungana. Mwanao Swabir nilimweka mimi mwenyewe kuwa msimamizi.

Mwanzo ilikuwa neema. Binti yangu Mwanarusi alinunua baiskeli ya umeme. Alikuwa akipanda mwinuko na kapu la samaki nyuma, buibui halina tone la jasho, wala haulizi bei ya petroli. Wanawake wenzake wakaanza kudunduliza wapate zao.

Mwezi uliopita alikuta lango. Hoteli moja mpya imeleta baiskeli za umeme za kukodisha watalii, na Swabir amewapa njia yetu. Bawabu akamwambia, "Dada, hapa ni pa wageni." Mwanarusi akamjibu, "Basi nipishe, maana mgeni hapa ni wewe." Hakupishwa. Amerudi barabara kuu, pamoja na malori.

Nilimwita Swabir. Alikuja, akanibusu mkono, akasema, "Ami, wakfu haujaguswa, lango ni la usalama tu." Hashim, mtoto niliyemwonyesha alifu kwa kijiti, leo anifafanulia mimi wakfu! Angalininyang'anya changu, ningalistahimili. Hiki si changu wala si chake. Ni cha Mola, na majirani walitoa kwa neno langu. Sasa wakinisalimu huinamisha macho.

Ijumaa hii nitasimama pale pale nilipotamka, nimvue usimamizi mbele ya jamaa. Najua ni mwanao, na aibu itakufika huko uliko. Sikuombi ruhusa. Nakuomba jambo moja: usinipigie simu kuniomba nimsamehe kabla lango halijang'olewa.

Nisalimie shemeji Nusaiba na mjukuu Ubeid. Mwanarusi anakuamkia shikamoo. Allah akuhifadhi ugenini, na atukutanishe tukiwa hatuna la kufichana.

Nduguyo akupendaye hata katika hili,
Alamin