Si Salah Katika Faharasa

Jumatatu, 10 Aprili 2017

Kairawani, mji wetu hapa Tunisia, umenikumbuka! Nimealikwa kuzungumzia kitabu changu cha miaka ya Vita vya Pili. Mahali — Nyumba ya Turshan, ile ya kale yenye bango mlangoni: hapa Si Salah Turshan, yaani Bwana Salah, aliificha ngano Wajerumani wasiione, akaulisha mji. Sura yangu ya saba inasema aliwauzia. Uani hapohapo, huku mtaa wetu ukichemsha majani ya porini kwa njaa.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikakumbuka kuwa Nizar, mchumba wa dada yangu Ibtisam, ni kitukuu cha Si Salah. Kicheko kikaniisha.

Alhamisi, 13 Aprili

Mama ameamua: watu wote watakuwapo, basi Fatiha ya posa isomwe palepale. Niongee kidogo, halafu tule makrudh, vile vikate vitamu vya tende. Nikamweleza sura ya saba. Akaacha kukanda unga. "Marehemu wa watu wamekukosea nini wewe?"

Ibtisam: nikiisoma, atazeeka nami nyumba moja. Tishio zito.

Jioni baba yake Nizar akapiga simu, furaha tele. Ukoo mzima umenunua kitabu! Walifungua faharasa, wakakuta Si Salah ana kurasa nyingi kuliko jenerali yeyote. Hakuna aliyesoma zaidi ya hapo. Mwandishi gani hushukuru kutosomwa? Mimi.

Jumamosi, 15 Aprili

Naandika nikiwa chumba cha juu, Nyumba ya Turshan. Nimejifungia.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mabomu, reli, foleni za mkate. Sura ya saba nikairuka. Makofi! Imamu akasafisha koo tayari kwa Fatiha. Ndipo Lalla Dujja, bintiye Si Salah, bibi yake Nizar, akainua fimbo.

"Mwanangu, mbona baba yangu humtaji? Tusomee alipo."

Ukoo wote ukatoa simu kurekodi. Nikasema koo limenikauka, tupumzike tunywe chai. Ndiye mimi, mwanahistoria shupavu.

Lalla Dujja akanidaka chini ya ngazi. Macho hayaoni, mkono una nguvu. Akaninong'oneza: yeye ndiye aliyemshikia baba yake taa malori yakipakiwa. Watoto wa jirani walikuwa wakichungulia mlangoni. Mmoja, kwa njaa, hakuuona mwezi uliofuata. Hadi leo hajathubutu kuwaambia wanawe.

"Wewe umeandika. Basi soma yote, nikiwa hai."

"Na posa, Lalla?"

"Nizar akiondoka kwa hilo, dada yako kaponea chupuchupu."

Nilitaka kumbusu mkono. Nikapanda ngazi mbio badala yake. Naona aibu, na bado naogopa.

Ibtisam anagonga.

"Kaka, toka! Bibi kachoka kukungoja. Kampa Nizar kitabu asome yeye."

Chini huko kipaza sauti kinakoroma. Namsikia Nizar akicheka, akiwaomba watu watulie — anasema ni fahari kwake —