Gauni la Bluu

Posta, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Ritha,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako. Simu yako haipatikani, wiki ya tatu sasa, na mjomba Rogath kila nikimpigia ananiambia "yupo, anapumzika," basi. Barua hii nimempa Celina wa darasani kwenu, anakuja Kariakoo kununua vitenge.

Msimamizi wa hosteli alitaka kumweka mtu mwingine kitandani kwako. Nikamwambia anayelala hapo ni mtoto wa mama yangu mdogo, na atarudi. Nilimsema vibaya, hata salamu sasa hanipi.

Kamati ya nidhamu ya chuo itakaa Ijumaa tarehe 22 kusikiliza malalamiko yako dhidi ya mwalimu Benjamini. Usipofika watafunga faili, na yeye ataendelea kufundisha. Njoo, mdogo wangu.

Dada yako,
Severa

Msimbazi, Kariakoo
6 Machi 2024

Dada Severa,

Salamu nimezipokea, na mjomba anakusalimu. Ukiniuliza hali, usiku silali. Mjomba anadhani ni malaria. Kanipeleka kupima mara mbili, hawakuona kitu, na bado ananinunulia dawa.

Dukani kwa mjomba nakaa nyuma ya majora ya vitenge. Unaijua Kariakoo, mtu haulizi bei bila kukushika mkono. Juzi mama mmoja kanigusa bega, nikajikuta niko chini ya meza na mkasi mkononi. Mama wa watu alikimbia. Naoga mara nne kwa siku. Nikifungua daftari naona maandishi, lakini hayaingii kichwani. Siku ile Benjamini aliponiita ofisini kwake, Jumamosi mchana, eti nikachukue karatasi zangu za mtihani, nilikuwa wa tatu darasani. Ofisi ile ndiyo ilinimaliza. Naichukia hata njia ya kwendea huko.

Kwenye kamati nitakuja, ila kwanza unijibu jambo moja. Askari wa dawati la jinsia aliniuliza gauni langu la bluu liko wapi. Niliporudi chumbani nilivua nikakupa wewe, ukanifunga khanga. Baada ya hapo sikumbuki. Ulilipeleka wapi?

Mdogo wako,
Ritha

Posta
11 Machi 2024

Mpendwa Ritha,

Natumaini umelala japo kidogo. Huku tunaendelea, joto tu na maji kukatika. Nilikwenda kumwona mshauri wa wanafunzi, mama Elieshi, mtu mpole sana. Anasema hofu hiyo na usingizi kupotea vinatibika, wewe si mwendawazimu na si wa kwanza. Atakupokea siku yoyote.

Mambo ya gauni tuyaache kwanza. La muhimu ni wewe kufika.

Dada yako,
Severa

Msimbazi
14 Machi 2024

Severa,

Sijambo. Hujanijibu.

Celina kaniambia Benjamini anawatangazia watu kwamba mwenye ukweli angeleta nguo. Wanacheka naye. Na yeye ndiye anayesimamia utafiti wako, sijalisahau hilo. Kama umempa yeye gauni langu, niambie nijue. Tarehe 22 siji. Usiniandikie tena.

Ndugu yako,
Ritha

Posta
17 Machi 2024

Ritha mdogo wangu,

Sina nguvu ya kuuliza hali. Nisome mpaka mwisho, kisha uchane.

Nililifua.

Ulikuwa unatetemeka. Nikachemsha maji, nikakuogesha kama mama zetu walivyotuogesha tukiugua, nikakulaza. Halafu nikalishika gauni. Lilikuwa limechanika kuanzia kwapani, na lina damu. Nilichowaza ni kwamba ukiamka usilione hivyo. Nikalifua mara mbili, nikalishona, nikalipiga pasi. Mpaka jioni lilikuwa limetundikwa kabatini. Nilijiona nimefanya la maana.

Askari alipokuja siku mbili baadaye na kuuliza nguo, ndipo nilipoelewa. Nikamwambia sijui. Niliogopa kwamba nimeiharibu kesi yako, na, Mungu anisamehe, niliogopa pia utafiti wangu. Ninakuhubiria habari za mama Elieshi huku mimi mwenyewe nalia ofisini kwake kila Jumanne.

Ijumaa nitaingia kwenye kamati. Nitawaambia nililiona likiwa vipi, nililifua kwa mikono hii, na nilimdanganya askari. Benjamini ataninyima alama, na aninyime. Uje usije, mimi nakwenda.

Dada yako,
Severa

Chuoni, benchi la nje ya ukumbi wa kamati
Ijumaa 22 Machi, saa nne asubuhi

Dada,

Celina atakuingizia karatasi hii. Nipo hapa nje. Jana nilimweleza mjomba yote. Aliondoka mezani, nikadhani amenikasirikia, kumbe alikwenda kulia uani. Leo hakufungua duka, na hizi ni siku za mfungo watu wakinunua nguo za Idi. Amekaa pembeni yangu, hajaniuliza nilivaa nini.

Benjamini amepita mbele yetu sasa hivi. Nimetapika kwenye maua ya watu, lakini sijaondoka.

Nina hasira na wewe, sikufichi. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hilo tutaongea nyumbani, tukiwa wawili.

Ya gauni waeleze wewe. Ya ofisini usiyaguse. Waambie wanisubiri, nikishanawa uso naingia kuyasema mwenyewe.

Mdogo wako,
Ritha