Kamba Haijavutwa

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Kikole hatujambo. Bibi yako anakohoa kidogo tu, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza utamjuaje mwajiri anayejali kupima programu za kompyuta kabla ya kuwapa watu, maana kwenye usaili wote wanasema wanajali. Swali lako limenirudishia hofu ya zamani.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa nilikuwa kijana, nikaingia kundi la kuchimba kisima. Fundi wetu, Selemani, alikuwa na sheria moja: kabla mtu hajashuka, wawili waivute kamba ya kushukia kwa nguvu zao zote, hata kama jana ilitumika. Siku moja kiongozi wa kijiji akaja na wageni waliotaka kuona maji.

"Shuka, ndugu, tunachelewa," akaniambia.

Nikachungulia lile giza. Niliogopa shimo, lakini yeye nilimwogopa zaidi. Nikaweka mguu ukingoni.

Fundi Selemani akanikamata shati. Naye pia alimwogopa, lakini akasema: "Kamba haijavutwa, ndugu kiongozi."

Wakaivuta. Haikukatika, na wageni waliondoka wamenuna.

Basi usiwaulize kama wanapenda kupima. Waulize ni nani kati yao aliwahi kuisimamisha kazi huku wakubwa wakiwa na haraka, kisha omba uonane naye. Wakikwambia hayupo tena kazini, mjukuu wangu, usishuke.

Babu yako