Fahali wa Ilford

Ilford, London
9 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama umfikishie shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Mimi mzima, nakula, nalala, kanisani naenda. Kwa hiyo usije ukasema haya ninayoyaandika yametokana na homa.

Baba, nimeacha kazi hospitalini. Sikufukuzwa. Niliandika barua mwenyewe, nikarudisha sare zao zimefuliwa na kupigwa pasi. Kibali changu cha kuishi hapa ni cha kudumu, hakuna wa kunirudisha. Wiki ya tatu sasa niko kwenye gereji ya Mzee Balbir, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, tunafufua magari ya zamani ya Kiitaliano. Nilikuwa napita pale na mfuko wa viazi, nikasikia injini inakohoa, nikamwambia silinda yake moja imelala. Akacheka. Akapima. Akaacha kucheka.

Gari ninalolishughulikia ni Lamborghini, aina ya Miura, na wewe kuliko mtu yeyote utamwelewa aliyeanzisha kiwanda hicho. Ni mtoto wa wakulima. Baada ya vita alikusanya vyuma vya magari ya jeshi akaunda matrekta, yakauzika sana. Akanunua gari la kifahari la Mtaliano mwenzake, klachi ikamsumbua, akaenda kulalamika. Wanasimulia kwamba alijibiwa: wewe kaa na matrekta yako, magari tuachie sisi. Labda hadithi imetiwa chumvi. Lakini kiwanda si chumvi: mwaka 1963 alikijenga pale Sant'Agata, akabandika nembo ya fahali. Mtu wa matrekta, Baba!

Naomba baraka zako. Ruhusa siombi, maana nimeshaanza. Baraka tu.

Bintiyo,
Haika


Machame, Moshi
6 Aprili 2024

Haika,

Marahaba. Goti liko palepale lilipo. Mama yako hajambo, isipokuwa tangu barua yako ifike anasugua sufuria ambazo hazijachafuka.

Tangu lini mtu akaweka sindano chini akaokota spana? Nimelala chini ya matrekta ya shamba la miwa miaka thelathini na moja. Dizeli imeingia kwenye kucha, mpaka leo haitoki. Hata nikienda kupokea Meza ya Bwana nilikuwa naona haya kufungua viganja. Nilifanya hivyo ili wewe uvae nyeupe. Leo unaniletea hadithi ya Mtaliano! Yeye alikuwa na kiwanda cha matrekta, mwanangu. Mimi nilikuwa na tambara la kufutia mikono. Usitufananishe.

Na gari lenyewe la nini? Binamu yako kanionyesha picha kwenye simu. Kwa barabara yetu hii halifiki hata kanisani, halibebi gunia, halibebi ndizi. Watu wawili na kiburi chao, basi.

Ukoo umekaa. Baba yako mkubwa Ndesario amesema na wote wameitikia: utume jani la isale, uombe msamaha kama desturi yetu inavyotaka, kisha urudi wodini. Unajua isale halikataliwi. Likifika, yamekwisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baraka unazoziomba ziko kwenye mlango wa hospitali, zifuate huko.

Baba yako,
Elinaja


Ilford
21 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni na masika, nasikia daraja limesombwa na mnazunguka mbali kufika sokoni. Mimi mzima ila nina hasira. Nimesubiri siku tatu hasira zipungue ndipo niandike. Hazikupungua.

Isale silitumi. Isale ni la aliyekosa. Nimeiba? Nimemtukana mtu? Nimemwacha mgonjwa kitandani nikakimbia? Niliuguza watu wa hapa miaka saba kwa moyo wangu wote, na siku ya kuaga walilia wao. Baba mkubwa Ndesario kama anauona uuguzi mtamu hivyo, vyuo havijafungwa, aende!

Unauliza gari la nini. Ngoja nikwambie. Mwaka 1965 walipeleka kwenye maonyesho ya Turin fremu tupu ya gari hili, magurudumu na mitambo, bodi hakuna. Watu wakatoa oda kwa kuona mifupa! Injini ina silinda kumi na mbili, wameilaza kwa upana nyuma ya viti, na giaboksi wameiunganisha humohumo. Waliolibuni walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wakalifanya baada ya saa za kazi kwa sababu tajiri wao mwanzoni hakuwa na hamu nalo. Mbishi naye akapata wabishi wake. Na likiunguruma, Baba, vinyweleo vinasimama. Halibebi ndizi, ni kweli. Kwani kwaya ya kanisani inabeba ndizi ngapi?

Mwenye gari ni Mzee Shamir wa Stanmore, mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Arusha. Kamwambia Balbir hataki mwanamke aguse injini yake. Kasema nikiwa nimesimama pale. Nikamwambia, mzee, injini yako iko vipande vipande, na mimi ndiye ninayejua kila kipande kimetoka wapi. Chagua. Akaondoka akinung'unika, gari akaliacha.

Halafu ninyi mnaniambia niombe msamaha. Nani aliyenikalisha kwenye ndoo nikiwa na miaka sita, nimpe spana kwa namba? Nilikuwa sijui kusoma bado, lakini kumi na tatu na kumi na saba nilizijua. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Baba. Mlitaka azae njiwa?

Bintiyo, utake usitake,
Haika


Ilford
15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Miezi mitano hujaandika. Mama kanipigia, kasema barua yangu uliisoma, ukaikunja, ukaenda kulisha ng'ombe ambao yeye alikuwa ameshawalisha. Haya. Goti vipi?

Siandiki kubishana. Nimeharibu kazi, na nimeiharibu kwa mkono wako.

Jumanne nilikuwa nafunga silinda hedi juu ya injini. Hapa tunatumia spana ya kipimo: nati ikifika inapotakiwa, spana inalia tik, unaacha. Ikalia tik. Mkono wangu haukuridhika. Ukakumbuka ulichonifundisha: kaza mpaka mkono useme basi, halafu ongeza robo ya mzunguko. Nikaongeza robo yako, Baba. Matrekta yako yalikuwa chuma kitupu. Hii ni aluminiamu. Bolti ikaanza kuzunguka bure, nyuzi zimeng'oka ndani ya bloku la injini lenye zaidi ya miaka hamsini, na bloku hilo huendi dukani ukasema nipe jingine.

Balbir aliketi juu ya tairi, akavua miwani. "Sasa wewe Haika," akasema, basi, hakumaliza. Mzee Shamir alipokuja alipaza sauti mpaka watu wa duka la vitambaa jirani wakatoka. "Nilisema mimi! Nilisema!" Anataka niondolewe. Balbir amekataa, lakini amenipa nafasi moja. Tumetoboa, tumetia nyuzi mpya za chuma, na mimi ndiye nitakayefunga tena. Nikiharibu, nitafungasha mwenyewe.

Sirudi hospitalini hata nikiharibu, hilo mlijue. Ila kila nikishika nati, naiweka chini tena. Hutaki kunibariki, sawa. Nijibu basi kama fundi: ile robo ni ya nini?

Bintiyo,
Haika


Machame
10 Oktoba 2024

Haika mwanangu,

Marahaba. Goti limevimba kidogo, kahawa tumevuna, mama yako anakohoa lakini anaimba. Barua yako niliisoma nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara tatu. Majirani wakauliza kama kuna nyoka.

Robo si ufundi. Robo ni woga.

Pale shambani spana ya kipimo ilikuwepo, moja, imefungiwa ofisini kwa meneja. Niliiomba mwaka wa tatu wa kazi, mwaka niliomuoa mama yako. Alicheka mbele ya mafundi wenzangu. "Elinaja, mambo ya vipimo waachie waliosoma. Wewe kaza kwa mkono." Nikasema ndiyo bwana. Na bolti ikilegea shambani, asubuhi nilisimamishwa mbele ya watu nikatukanwa kama mtoto. Ndipo nikaanza kuongeza robo, nisitukanwe. Matrekta yakavumilia. Nami nikakurithisha wewe, nikaiita siri ya ufundi. Hapo mimi ndiye niliyekosa, unisamehe.

Huyo Mtaliano wako aliambiwa nilichoambiwa mimi. Yeye akaenda akajenga kiwanda. Mimi nikarudi chini ya trekta, nikalala miaka mingine ishirini na minane. Haika, sikukasirika kwa sababu ya grisi. Nilikuona unasema hapana pale ambapo mimi nilisema ndiyo, ikaniuma. Wivu wa baba kwa mwanawe ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikiliza kama fundi. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, anzia katikati uende nje. Spana ikilia, iamini. Mkono ukikuwasha kuongeza, utie mfukoni.

Mambo ya ukoo niachie mimi.

Baba yako,
Elinaja


Ilford
1 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo wewe na mama. Dawa ya kikohozi nimempa mgeni anayekuja Moshi, muipokee. Hapa baridi imeanza kuuma, lakini mimi mzima.

Nimefunga. Mkono niliutia mfukoni kweli, mpaka Balbir akaniuliza kama nataka glavu. Alhamisi tukaiwasha. Mara ya kwanza ikagoma, mara ya pili ikashika, na silinda zote kumi na mbili zikaitikia. Mlio ule, Baba! Unaanza chini kama ng'ombe anayenung'unika zizini, halafu unapanda mpaka unausikia kwenye meno. Nililia mbele za watu, sikujali.

Mzee Shamir alisimama mikono nyuma. Samahani hakusema, wala sikumdai. Aliuliza mafuta yabadilishwe baada ya maili ngapi. Aliniuliza mimi, na Balbir amesimama palepale.

Krismasi siji. Najua wote watapanda mlimani, kutoka Dar, Mwanza na Arusha, na najua ajenda ya kwanza ni nani. Sitaki kuketi mbele ya Baba mkubwa Ndesario kama mshitakiwa. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umenifundisha na umeniomba msamaha. Ila baraka hukutaja, Baba. Nimezitafuta kila mstari.

Bintiyo,
Haika


Machame
4 Januari 2025

Mwanangu Haika,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Dawa imefika, mama yako amepona, sasa anasema kwa sauti yake ile ya zamani na hatuna raha. Goti nimelizoea.

Wote walikuja. Nyama ilipoiva na pombe ya mbege ikazunguka, Ndesario akaanza: yule wa London. Nikasimama. Nikawaeleza habari ya ofisi ya meneja, kisa ambacho sijawahi kumwambia ndugu yangu hata mmoja. Nikasema, mtu asithubutu kumwambia mwanangu alichoambiwa baba yake. Ndesario akauliza, kwa hiyo unambariki akalale chini ya magari? Nikachukua kata, nikapiga funda moja la mbege, nikalipuliza nje kama wazee wanavyobariki, na jina lako nikalitaja kwa nguvu. Nilimuuliza kwanza binamu yako London iko upande gani. Kwa hiyo baraka zimekuja kwako moja kwa moja, hazikupotea njiani. Ndesario aliondoka akaacha nyama yake. Tukaila.

Sasa jingine. Jumatatu nimefungua kibanda cha ufundi barabarani, mkabala na mashine ya kusaga. Pampu za maji, pikipiki, trekta likija na lije. Nina miaka sitini na minane. Wanasema nimechanganyikiwa, na waseme mpaka wachoke.

Mchora vibao alishaanza kuandika "Elinaja na Wanawe", kama wanavyoandika wote. Nikamwambia afute. Kibao kinasomeka ELINAJA NA BINTI. Wateja wanasimama, wanasoma, wanachungulia ndani, wananiuliza huyo binti yuko wapi mbona hawamwoni.

Nawajibu yuko kazini.

Baba yako,
Elinaja